Mdomo wa kujazia mafuta kwa gari la spoti unalolijenga mwenyewe

Ukihamisha tangi, ukibadilisha bodi, au ukiweka tangi jipya la alumini nyuma ya viti, mdomo wa kujazia uliokuja na gari hauna kazi tena. Haufiki, au umeelekea kusiko, au unapita mahali ambapo sasa pana ekzosi. Hapo wengi hununua kifuniko kizuri kinachong'aa, wakatoboa bodi, wakavuta mpira hadi kwenye tangi, wakaona kazi imekwisha. Siku ya kwanza kituoni nozeli, yaani ule mdomo wa pampu unaoushika, inajifunga kila baada ya sekunde mbili, petroli inarudi juu na kumwagikia rangi mpya, na kujaza tangi kunakuwa kazi ya robo saa.

Chanzo karibu kila mara ni hewa. Tangi tunaloliita tupu limejaa hewa na mvuke, na kila lita ya petroli inayoingia ni lazima itoe lita moja ya hewa. Pampu ya kawaida ya kituoni hutoa kati ya lita 35 na 40 kwa dakika, yaani zaidi ya nusu lita kila sekunde, na hewa nayo inataka kutoka kwa kasi hiyohiyo. Mpangie hewa njia yake kwanza, kisha petroli, na sehemu kubwa ya kazi itakuwa imejitatua. Nimeandika mwongozo huu kwa mtu anayejua kukata na kupima, aliye na fundi wa kuchomelea karibu au anayechomelea mwenyewe.

Nozeli inajuaje kwamba tangi limejaa

Usipolijua hili utajenga kwa kubahatisha. Kwenye ncha ya nozeli kuna tundu dogo. Petroli inapopita kwa kasi kwenye sehemu nyembamba ndani ya nozeli, inafyonza hewa kupitia tundu hilo. Tundu likiwa wazi, hewa inaingia na mambo yanaendelea. Petroli ikipanda na kulifunika, hewa inakatika, mfyonzo unaongezeka ghafla, utando ulio ndani ya mpini unavutwa na vali inafyatuka kujifunga. Hakuna umeme wala kompyuta hapo.

Maana yake ni kwamba nozeli haijui chochote kuhusu tangi. Inajua tu kama ncha yake imelowa. Povu likipanda, inajifunga. Petroli ikigonga kona kali na kuruka nyuma, inajifunga. Kwa hiyo sentimita 15 hadi 20 za kwanza baada ya mdomo ziwe zimenyooka na ziwe pana, kona zije baadaye, na ziwe za taratibu.

Jambo la pili ni bomba la hewa. Hili ni bomba jembamba linalotoka juu ya tangi na kurudi kwenye shingo (bomba pana linaloshusha petroli kutoka mdomoni hadi tangini), karibu na mdomo. Wakati wa kujaza, hewa inapanda kwa bomba hili huku petroli ikishuka kwa shingo. Petroli ikifika kwenye mdomo wa chini wa bomba la hewa na kuuziba, hewa iliyobaki juu yake inakosa njia, petroli inaanza kupanda kwenye shingo, inafika kwenye ncha ya nozeli, na nozeli inajifunga. Kwa maneno mengine, mahali unapoweka mwisho wa chini wa bomba hilo ndipo unapoamua tangi litajaa kiasi gani. Tutarudi hapo, kwa sababu ndipo penye hesabu.

Kabla ya kuwasha chochote

Mvuke wa petroli unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautoki dirishani. Unatambaa sakafuni na kukaa kwenye mashimo ya gereji, ukisubiri cheche. Unawaka ukiwa kati ya takriban asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Ndiyo maana tangi lililokwisha petroli ni hatari kuliko lililojaa: ndani yake kuna mchanganyiko wa hewa na mvuke, na kwenye mikunjo ya bati petroli hubaki kwa miezi.

Kanuni yangu ni moja na siipindishi: tangi lililowahi kuwekwa petroli halikaribiwi na moto, grenda wala drili. Kama lazima lichomelewe, lipelekwe kwa watu wanaosafisha na kujaza gesi isiyowaka kama kazi yao ya kila siku. Kwa mradi kama huu kuna njia rahisi zaidi. Kama tangi ni jipya, agiza likiwa tayari limechomelewa kipande kifupi cha bomba au flenji, yaani bati la kufungia kwa bolti. Kama ni la zamani, tumia tundu lililopo. Shingo yote unaitengeneza mezani, mbali na gari, kisha unaifunga kwa mpira au kwa bolti.

Jambo lingine ambalo halisemwi vya kutosha: usisafishe mabomba kwa dawa ya kusafishia breki kisha ukachomelea. Baadhi ya dawa hizo zina klorini, na mwanga wa arki huzigeuza kuwa gesi ya fosjeni, ambayo inaua. Tumia asetoni, acha ikauke kabisa, ondoa chupa na vitambaa mezani, ndipo uwashe. Mtungi wa poda wa kuzimia moto uwe mahali unapoufikia bila kugeuka.

Hatua ya 1: Chagua mahali

Mdomo uwe juu kuliko tangi, na njia yote kutoka mdomoni hadi tangini iteremke bila kupanda tena popote. Bonde dogo tu katikati linahifadhi petroli, petroli inaziba hewa, na umerudi kwenye tatizo la mwanzo. Mteremko wa nyuzi 30 ni mzuri. Zaidi ya hapo ni bora zaidi.

Angalia magari ya mashindano ya miaka ya 1960. AC Cobra ina kifuniko cha kufyatua juu ya bega la nyuma. Porsche 911 za mashindano za enzi hizo na za mwanzo wa miaka ya 1970 mara nyingi zilikuwa na mdomo katikati ya boneti, kwa sababu tangi liko chini yake na petroli inashuka moja kwa moja. Njia hii ya boneti ndiyo fupi kuliko zote, lakini ina masharti: boneti inatakiwa ifunguke bila kugusana na shingo, na kila tone litakalomwagika litaangukia rangi au litaingia chini ya boneti.

Mambo ya kuepuka ni haya: upande wa ekzosi kama una hiari, kona ya nyuma inayobondeka kwanza gari likigongwa, na njia inayokatiza ndani ya kabini. Kama shingo ni lazima ipite kwenye buti au nyuma ya viti, ijengee sanduku la bati lililozibwa vizuri, lenye tundu la kutolea mvuke nje chini ya gari. Klampu, ile pete ya kubana mpira, ikilegea ndani ya kabini utavuta mvuke kabla hujaona tone.

Pima nafasi gurudumu likiwa limepanda hadi mwisho na likiwa limening'inia, si gari likiwa limesimama tu. Ndani ya madigadi ya nyuma kuna nafasi nyingi kwa macho, na gurudumu likipanda huila yote.

Hatua ya 2: Kifuniko na kipenyo

Vifuniko vya kufyatua vinapendeza, na mimi navipenda. Lakini vingi vinauzwa kama pambo: mpira wake wa kuzibia ni mwembamba na springi yake ni dhaifu. Kabla ya kununua, angalia kama mpira unakaa kwenye mfereji wake na kama kifuniko kinakandamiza kweli. Mpangilio ninaoupendekeza ni kifuniko cha kufyatua kwa nje, na chini yake kifuniko cha kawaida cha kuzungusha kinachoziba. Uzuri unabaki, na gari halitoi harufu kwenye kona.

Kijaribu mezani. Funga kifuniko kwenye shingo yake, ziba upande wa pili, weka maji ndani, kigeuze juu chini na ukiache hivyo kwa muda. Kikitoa tone la maji, petroli itatoka zaidi.

Halafu jiulize kama kifuniko kinapumua au hakipumui. Injini inapokunywa petroli, hewa lazima iingie tangini. Isipoingia, pampu inalemewa na tangi la bati jembamba linaweza kubonyea. Kwa gari la kona na kasi nachagua kifuniko kisichopumua, kisha naweka njia tofauti ya kupumulia juu kabisa ya tangi, yenye vali inayojifunga gari likipinduka. Kama gari lilikuja na kopo la makaa la kunasa mvuke, liache na uliunganishe. Linafanya kazi nzuri na sehemu nyingi sheria inalitaka.

Kipenyo cha shingo kiwe kati ya milimita 50 na 57. Nozeli ya petroli ina kipenyo cha milimita 21 hivi, ya dizeli ni nene zaidi, karibu 24 au 25. Ukiweka ndani ya mdomo kibati chenye tundu la milimita 23, nozeli ya petroli itaingia na kushikiliwa katikati, na ile nene ya dizeli itakataa. Usisahau kutoboa matundu mengine madogo pembeni mwa kibati hicho ili hewa ipite.

Ukienda dukani kumbuka kwamba bomba hupimwa kwa nje na mpira hupimwa kwa ndani. Bomba la nje milimita 51 linataka mpira wa ndani 51. Nunua mpira kwanza, kwa sababu ndio mgumu kupatikana, kisha bomba lifuate kipimo chake.

Hatua ya 3: Kiolezo

Usikate chuma bado. Tengeneza kifuniko cha kadibodi chenye kipenyo halisi, kibandike kwenye bodi kwa utepe wa karatasi, rudi nyuma hatua kumi na uangalie. Kiache siku nzima. Mahali palipoonekana pazuri ukiwa umepiga magoti pembeni huonekana pamepotoka ukiwa umesimama.

Kisha chukua waya wa kuchomelea wa milimita 3 na uukunje ufuate katikati ya njia ya shingo, kutoka kwenye mdomo wa kadibodi hadi kwenye tangi. Vika waya huo vipande vya bomba la plastiki la maji lenye kipenyo kilekile, ukivishikanisha kwa utepe. Sasa una shingo ya uongo inayoonyesha kila inapogusa. Funga na kufungua kila kitu kilicho jirani: buti, boneti, taa, mkanda wa kiti. Ingiza nozeli ya uongo, kijiti cha milimita 21 kitatosha, uone kama inaingia yote bila mpini kugonga bodi. Jambo hili la mpini husahaulika sana, hasa mdomo ukiwa umezamishwa ndani ya bodi.

Ukiridhika, weka alama kwa kalamu kwenye kila kiungo: mstari mmoja unaovuka vipande vyote viwili. Mistari hiyo ndiyo itakayokuambia kila kipande kimezungushwa kiasi gani utakapofika kwenye chuma.

Hatua ya 4: Hesabu ya bomba la hewa

Turudi kwenye hewa. Pampu ikitoa lita 38 kwa dakika, bomba la hewa lenye kipenyo cha ndani cha milimita 8 linalazimisha hewa ikimbie kwa zaidi ya mita 12 kwa sekunde. Bomba la milimita 16 linaishusha hadi mita 3 hivi. Tofauti ni kubwa kwa sababu upana wa njia hukua kwa mraba wa kipenyo. Hewa yenye kasi hubeba matone na povu, ikayapeleka moja kwa moja kwenye ncha ya nozeli. Kwa hiyo milimita 8 isahau, 12 ivumilie kama nafasi hakuna, 16 itafute.

Mwisho wa juu wa bomba la hewa uingie kwenye shingo sentimita chache chini ya kifuniko, juu ya mahali ncha ya nozeli inapofika, na uingie kwa mshazari ukielekea mdomoni. Ukiuingiza chini ya ncha ya nozeli, petroli inayomiminika itaingia humo na kulijaza bomba.

Mwisho wa chini ndio unaoweka kiwango. Petroli hupanuka takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Lita 50 zilizotoka baridi kwenye tangi la chini ya ardhi, zikipata joto la nyuzi 20 zaidi juani, zinaongezeka kwa lita moja nzima. Lita hiyo inahitaji pa kwenda. Acha angalau asilimia 5 ya tangi ikiwa tupu.

Mfano: tangi la umbo la sanduku lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 40 na kimo cha 21 linachukua lita 50 hivi. Kila sentimita moja ya kimo ni lita 2.4. Bomba la hewa likizama ndani ya tangi sentimita moja na nusu chini ya bati la juu, unabaki na nafasi ya lita 3.6 ambayo petroli haiwezi kuifikia kwa kujaza kwa kawaida. Hiyo inatosha. Bomba la kupumulia lenye vali ya mpinduko liwe jembamba, milimita 6, na lianzie bati la juu kabisa. Wembamba wake ni wa makusudi: wakati wa kujaza halitoi hewa haraka kiasi cha kuharibu kiwango ulichokiweka. Ndiyo sababu pia nozeli ikishajifunga hupaswi kuendelea kudondoshea kidogokidogo. Unaijaza nafasi uliyoipigia hesabu.

Hatua ya 5: Kukata na kuunga

Kwa chuma una chaguo tatu. Alumini ya milimita 2 ni nyepesi na inapendeza, inataka TIG (kuchomelea kwa arki ndani ya gesi ya argoni) na mkono uliotulia. Chuma kisichoshika kutu cha milimita 1.5 ni imara, lakini nacho kinahitaji gesi ya argoni ndani ya bomba wakati wa kuchomelea. Bila hiyo upande wa ndani unaota magamba meusi, na magamba hayo yataishia kwenye filta. Chuma cha kawaida ni rahisi kuchomelea na kitaota kutu kisipopakwa rangi vizuri. Kama tangi ni la alumini, ninatumia alumini. Usitumie bomba lililopakwa zinki: moshi wake ni sumu ukichomelea, na petroli yenye ethanoli huila zinki. Shaba nyekundu na shaba nyeupe ziache pia, zinaharakisha petroli kugeuka gundi.

Kona zilizokunjwa kiwandani ndizo bora, kwa sababu ndani ni laini. Ukikosa kona yenye nyuzi unazotaka, kata bomba vipande vyenye umbo la kabari na kuviunganisha. Hesabu yake ni hii: gawanya nyuzi za kona kwa idadi ya viungo, kisha gawanya kwa mbili. Kona ya nyuzi 60 yenye viungo vinne inataka nyuzi 15 kwa kila kiungo, na kila uso ukatwe kwa nyuzi 7.5. Viungo vingi zaidi vinafanya kona laini zaidi, na kazi ndefu zaidi. Vinne kwa nyuzi 60 ni kiasi kizuri.

Baada ya kukata, piga tupa hadi vipande vikutane bila mwanga kupita katikati. Mwanga ukipita, fundi wa TIG atalazimika kujaza pengo, na kila pengo linalojazwa linaacha uvimbe ndani. Shikiza kila kiungo kwa nukta tatu au nne, rudisha shingo kwenye gari na ulinganishe na kiolezo kabla ya kuchomelea mzunguko mzima. Na gari hilo liwe halina petroli wala tangi ndani.

Mwisho wa bomba unaopokea mpira uwe na ukingo ulioinuka milimita moja na nusu au mbili, unaozuia mpira kuchomoka. Kama huna mashine ya kukunjia ukingo, zungushia mshono mmoja wa kuchomelea kisha ulainishe kwa tupa na msasa. Pitisha kidole ndani ya shingo nzima kadiri kinavyofika. Kila ncha inayokwaruza kidole inarusha petroli, iondoe. Osha kwa maji ya moto na sabuni, suuza, kausha kwa hewa.

Hatua ya 6: Tundu la bodi na kikombe

Toboa dogo kuliko unavyotaka, kisha panua kwa tupa. Kwenye faibaglasi bandika utepe wa karatasi juu ya rangi kabla ya kukata ili isimeguke, na vaa barakoa. Faibaglasi peke yake haishikilii uzito wa nozeli inayotingishwa kila wiki. Weka nyuma yake pete ya alumini ya milimita 3 ili skrubu ziikamate pete hiyo.

Kama mdomo umezama chini ya uso wa bodi, uzungushie kikombe. Chini kabisa ya kikombe weka kibomba cha milimita 8 hadi 10 chenye mpira wa kushusha maji ya mvua na matone ya petroli chini ya gari, mbali na ekzosi na mbali na gurudumu. Kikombe kisicho na tundu hukusanya maji, na maji hayo huingia tangini siku kifuniko kinapofunguliwa.

Hatua ya 7: Mpira, klampu na waya wa kutoa umeme

Shingo ya chuma isiunganishwe kavukavu kati ya bodi na tangi. Chesisi inajipinda, tangi linatikisika, na kitakachopasuka ni mshono. Weka kipande kifupi cha mpira katikati.

Mpira wa rejeta haufai, hata kama unaingia vizuri. Petroli inaulainisha kutoka ndani, na silikoni inaipitisha petroli hata bila kupasuka. Tafuta mpira ulioandikwa ubavuni kuwa ni wa mafuta, kwa mfano wenye alama ya SAE J30R6, au ule wa boti wenye alama ya SAE J1527 au ISO 7840. Mpira wa boti ni mgumu kukunja lakini ni mzuri sana kwa kazi hii. Uingie kwenye bomba sentimita 3.5 hadi 4, upite ukingo, na klampu zikae nyuma ya ukingo: mbili kila upande, skrubu zake zikitazamana pande tofauti. Kaza hadi mpira ubonyee kidogo. Ukiona mpira unachomoza kwenye matundu ya klampu, umezidisha. Gasketi ya flenji iwe ya nitrili au Viton, aina za mpira zinazostahimili petroli. Silikoni ya tyubu usiiguse, inayeyuka taratibu na kuziba filta.

Sasa umeme tuli. Mpira umeitenga shingo na tangi, na kama bodi ni ya faibaglasi shingo haijagusa chochote kinachopitisha umeme. Petroli inayotiririka huzalisha chaji, na chaji isiyo na njia hutafuta kuruka, kwa mfano kutoka shingoni hadi kwenye nozeli, katikati ya mvuke. Funga waya kutoka kwenye shingo hadi kwenye chesisi, na mwingine kutoka tangini hadi kwenye chesisi. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, weka washa yenye meno, kaza. Pima kwa mita ya umeme kati ya mdomo na chesisi. Isomeke chini ya omu moja. Kazi ya dakika kumi, na usiiruke kwa sababu yoyote.

Hatua ya 8: Kupima uvujaji

Hapa watu huleta kompresa na kuharibu tangi. Bati la juu la tangi letu la mfano lina eneo la sentimita za mraba 2,400. Shinikizo la bari 0.2 tu, ambalo gurudumu la baiskeli lingelicheka, linalisukuma bati hilo kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 490 hivi. Litavimba na mishono itapasuka.

Tumia maji badala ya geji. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ukunje uwe na umbo la U, tia maji, na uunganishe upande mmoja kwenye bomba la kupumulia la tangi. Ziba mdomo, ziba na matundu mengine yote. Ingiza hewa polepole kwa pampu ya baiskeli hadi tofauti ya maji kati ya pande mbili ifike sentimita 50. Hiyo ni takriban bari 0.05, inatosha kuonyesha uvujaji. Uzuri wake ni kwamba ukizidisha, maji yanaruka nje na hewa inatoka yenyewe kabla tangi halijadhurika. Fanya hivi kivulini, maana jua likiligonga tangi hewa inapanuka na maji yanakudanganya. Subiri robo saa. Maji yakishuka, paka povu la sabuni kwenye kila mshono na kila klampu hadi uone linapochemka.

Baada ya hapo, tangi na shingo vikiwa kwenye urefu wao halisi, miminia maji kwa ndoo kupitia mrija mpana. Sikiliza. Maji yakishuka kwa sauti moja mfululizo, hewa inatoka vizuri. Yakigugumia na kurudi juu, bomba la hewa limebanwa au lina bonde mahali fulani. Petroli hutoa povu kuliko maji, kwa hiyo kinachosumbua kidogo na maji kitasumbua sana kituoni. Rekebisha sasa. Kisha toa maji yote na ukaushe tangi kwa hewa hadi ndani pasiwe na unyevu.

Hatua ya 9: Petroli ya kwanza

Weka lita 10 tu, mpini ukiwa umebanwa nusu, na mtu wa pili akiangalia chini ya gari. Zima injini, funga simu mfukoni, gusa chuma cha bodi kabla ya kushika nozeli. Pasipo na harufu wala tone, endelea kwa kasi kamili hadi nozeli ijifunge yenyewe, na uandike lita ngapi zimeingia. Linganisha na hesabu yako ya kiwango. Zikiwa nyingi kuliko ulivyopanga, mwisho wa chini wa bomba la hewa uko juu mno. Zikiwa pungufu sana, kuna hewa iliyofungwa kwenye kona ya tangi, hasa kama tangi limeinama upande mmoja.

Ukiwa na tangi kamili, egesha gari kwenye mteremko pua ikiwa juu, kisha geuza pua iwe chini, nusu saa kila upande, na upitishe karatasi nyeupe kavu chini ya kila kiungo. Endesha kwa wiki moja, halafu kaza klampu tena, kwa kuwa mpira mpya hukaa na kulegea kidogo. Tangu hapo, kila gari likipandishwa kwa huduma, bonyeza mpira kwa kidole gumba: ukiwa umekuwa mgumu, una nyufa, au unanata, badilisha mpira wote na klampu zake.